Hasikii, Tumia Mkono

Jumapili, 2 Februari

Mdogo wangu Domo,

Nimefika salama. Mwanangu anaendelea vizuri, mtoto mchanga ana sauti ya mpiga mnada, na mimi nimepewa chumba cha nyuma chenye dirisha linalotazama ukuta. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Ukishasema haloo Dada unaanza habari za wateja wako mpaka chaji inakwisha, na la maana sijalisema. Karatasi haikatizwi. Isome mpaka mwisho, uirudie, ndipo uwashe hiyo mashine yako ya kunyolea.

Wewe ulifika jioni, mimi nikaondoka alfajiri, kwa hiyo hatukuzungumza vya kutosha. Nyumba ni yako, baraza la mbele weka kiti chako cha kinyozi, kaa kama kwako. Ninalotaka kutoka kwako ni moja tu, nalo ni Karani. Nataka nikirudi nimkute mzima, miguu na akili. Marehemu shemeji yako alimleta akiwa mdogo wa kuenea kwenye kofia, akamwita Karani kwa sababu hakuna mtu aliyepita getini bila kukaguliwa. Watoto wameolewa, mwenyewe amekwenda. Aliyebaki pale nyumbani anayeijua harufu ya mume wangu ni yule mbwa. Ukicheka, cheka, lakini shika.

Mbwa mzee si gunia la kuwekwa kivulini. Akilala kutwa, viungo vinakakamaa na akili inaganda. Asubuhi kabla hujafungua, mtembeze, polepole. Mpitishe kwenye majani, si kwenye lami, maana nyonga zinamsumbua. Akisimama kunusa nguzo, msubiri, usimvute kamba. Kunusa ndiyo gazeti lake, na wewe mwenyewe hukubali kunyang'anywa gazeti kabla ya ukurasa wa michezo. Jioni mtembeze tena kwa njia nyingine, apate habari mpya. Leo sokoni, kesho nyuma ya shule.

Chakula usimmiminie tu kwenye bakuli. Kwenye kikapu changu kuna mabaki ya vitambaa. Funga vipande vya nyama humo, fundo jepesi, uvitawanye uani avitafute. Akimaliza utamwona anatembea kifua mbele kama aliyepandishwa cheo. Kuna pia mchezo wa vikombe vitatu: ficha kipande chini ya kimoja, uvizungushe, achague. Ila usimdanganye. Akigundua vyote vitatu ni vitupu, hachezi nawe tena.

La mwisho ndilo kubwa. Siku hizi hasikii. Usipoteze sauti yako kumwita, utachoka bure. Tumia mkono tu. Mimi natumia mkono tangu mwaka jana na tunaelewana vizuri.

Nitarudi mtoto akianza kukaa.

Dada yako


Alhamisi, 13 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua nimeisoma mara mbili kama ulivyoamuru, mara ya pili kwa sauti, mteja akiwa na povu nusu ya uso. Anakusalimu.

Mimi na Karani tumeanza kazi. Siku ya kwanza alisimama kwenye nguzo ya umeme mpaka nikadhani amepewa kesi ya kuamua. Nyuma ya shule kuna ukuta anaousoma mstari kwa mstari, akifika mwisho anarudi mwanzo kuhakikisha. Watu wananiuliza nasubiri nini, nawaambia bosi anasoma. Vitambaa vyako anavijua kuliko wewe. Vikombe sikuviona, nimetumia vifuniko vya makopo ya krimu, na ananishinda. Kuna mteja mmoja mzee, kichwa chake hakina unywele wa kunyolewa, huja kwa ajili ya ndevu. Sasa anakuja hata siku asizo na ndevu, anakaa kwenye benchi kuangalia mbwa anavyochagua kifuniko.

Sasa lile kubwa. Dada, umesema kweli, hasikii. Namwita, ananipa kisogo. Naita tena kwa sauti ya kuamsha mtaa, anajilamba mguu. Nikinyamaza na kukaa, anakuja mwenyewe kama aliyekuwa na mpango wake. Mwanzo nilisita. Mnyama mzee vile, nami si mtu wa mambo hayo. Nikairudia barua yako, nikasema mwenye mbwa ndiye anayemjua. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, baba alikuwa haishi kutuambia. Basi nimeanza kutumia mkono. Kidogo tu. Bado naona haya.

Mbusu mjukuu.

Mdogo wako,
Domo


Jumamosi, 22 Februari

Domo,

Marahaba. Ile ya bosi anasoma nimewasomea mezani, mkwe wangu akapaliwa na chai. Umefanya vizuri, mdogo wangu. Nasema kweli, sikutegemea. Niliondoka hapo moyo uko mkononi, nikijua Domo ni wa kuanza vitu na kuviacha. Kumbe siku hizi unamaliza. Umefanya vizuri sana.

Ila haya za nini? Mkono hauna aibu. Mimi mwenyewe mwanzo niliona vibaya, majirani wananitazama, nikazoea. Ndiyo njia pekee iliyobaki kwake. Mkono uwe wazi, auone vizuri, na uwe uleule kila siku. Leo hivi kesho vile utamchanganya. Akikupa mgongo mguse kwanza, asishtuke. Na baada ya hapo mpe kitu kizuri, hata kipande cha mkate, ajue hakuna ugomvi.

Huku nalea usiku na mchana. Mtoto analala akiwa kifuani tu, ukimlaza kitandani anajua. Cherehani ya mwanangu imekufa mkanda, kwa hiyo mikono yangu haina kazi isipokuwa kushika mtoto. Namkumbuka Karani kuliko ninavyothubutu kusema mbele ya watu.

Dada yako


Jumatano, 5 Machi

Dada,

Shikamoo. Mkono umefanya kazi. Siku hizi sihitaji hata kumfikia. Nikiinua tu analala chini, tuli, kama amezimwa swichi. Lile la kumgusa kwanza nimeona halina haja tena. Mkate nampa kama ulivyosema, ingawa siku nyingine anauacha.

Matembezi tunafanya. Sokoni amepachoka kidogo, na jioni anapenda kubaki chini ya cherehani yako, nikimshawishi anatoka kwa kujivuta. Nadhani ni umri. Vifuniko anacheza lakini si kwa moyo ule, anagusa cha kwanza kilicho karibu na kuniangalia. Mzee wa ndevu anasema amechoka. Mzee huyo naye ana maneno mengi, humjui, achana naye.

Lakini usiwe na shaka, yuko hai, anakula, na amekuwa na adabu ambayo hukuwahi kuiona.

Domo


Ijumaa, 14 Machi

Domo,

Analala? Umechanganya, ndugu yangu. Mkono juu ni njoo. Kiganja kikitazama chini ndiyo lala. Kiganja kifuani kwako ni ngoja. Na ukichora duara hewani maana yake ni matembezi, hapo utamwona anavyotikisa mkia. Nilidhani ungeona mwenyewe anavyofuata mkono wako. Nilipaswa kukuchorea.

Sikushangai kama amepoa. Hebu fikiria ni wewe. Masikio yamekufa kabisa, husikii mlango, husikii radi, watu wanatokea nyuma yako bila taarifa. Nilipogundua kuwa hasikii, nilikaa naye uani mwezi mzima, mkono huu na kipande cha nyama, mkono huu na kipande cha nyama, mpaka tukaelewana. Watu walisema mbwa mzee hafundishiki. Alijifunza ishara nne. Mkono wangu ndiyo sauti yangu yote aliyobaki nayo, na sasa ndiyo yako.

Kwa hiyo usimwache chini ya cherehani. Kila akilala kutwa anarudi nyuma, na kwa umri ule akirudi nyuma harudi tena mbele. Mchoree duara, mtoke.

Dada yako


Jumatano, 2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Samahani nimechelewa kujibu. Bomba la barabarani lilipasuka, maji yakajaa mpaka barazani, kazi zikasimama.

Nimekuelewa sasa. Mkono juu, njoo. Nilichanganya tu. Tumerekebisha, nikiinua anakuja mbio, mkia juu. Matembezi kama kawaida, vifuniko kama kawaida. Usiwe na wasiwasi, kaa na mjukuu. Hata ukitaka kuongeza muda, sisi tupo.

Wako,
Domo


Jumatano, 9 Aprili

Fundi mpendwa,

Ni mimi jirani yako wa duka la ng'ambo ya barabara. Anwani nimeiona nyuma ya bahasha zako. Mimi si mtu wa kuingilia ya nyumba za watu, na najua kila anayesema hivyo anakaribia kuingilia.

Nimekaa muda mrefu nimekukasirikia. Leo nimeona niulize kuliko kukunyima salamu ukirudi, maana ndivyo nilivyokuwa nimepanga.

Mdogo wako alikuwa akimwita Karani, asipokuja anamfuata na kumpiga kofi. La mgongoni, la usoni. Hakuwa mlevi wala hakuwa na hasira. Alikuwa anampiga kama mtu anayetimiza alichotumwa, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nikamwendea. Akatoa barua, akanionyesha. Mwandiko ni wako, naujua kwenye vipimo vya nguo zangu. Hasikii, tumia mkono. Nikarudi dukani. Nikasema, kumbe Fundi ndivyo alivyo.

Halafu wiki ile bomba lilipopasuka, mtu wa posta alimletea barua. Mchana uleule akafunga kazi yake ya kinyozi, na tangu siku hiyo hajampiga tena. Sijui ulimwambia nini. Lakini mbwa mwenyewe ndiyo hivyo. Mtu akiinua mkono kujikuna tu, analala tumbo chini na kujikojolea. Juzi nilimpungia mkono mteja, nikamwona Karani kwa ng'ambo ananywea. Sokoni hendi, nyuma ya shule hendi. Mdogo wako anazunguka naye humohumo uani.

Nauliza kwa nia njema tu. Ndivyo ulivyotaka?

Jirani yako,
Mama Duka


Jumatatu, 14 Aprili

Domo,

Usinipe shikamoo. Mama Duka ameniandikia.

Nimeirudia barua yangu kichwani neno kwa neno na nimeliona kosa. Mimi nilisema masikio, wewe ukasoma kiburi. Nilisema mkono, ukasoma kofi. Hilo lingeniumiza, ningelia, na mwisho ningelimeza, maana neno ni langu na nililiandika mimi. Ungeniandikia siku ileile, Dada, tumefanya jambo baya, tungekuwa wawili wa kubeba.

Lakini barua yangu ya Machi ilikufikia. Ulifunga kazi mchana kwa sababu yake. Ulijua. Ukakaa nalo, kisha ukachukua kalamu ukaniandikia anakuja mbio, mkia juu. Karani hajakimbia tangu mwaka juzi. Hana nyonga za kukimbilia. Neno lile lilinikwaruza, nikajisemea ni furaha tu, Domo huongeza chumvi tangu utotoni. Nikawasomea watoto. Tulipiga makofi, Domo. Sebuleni, sote, na mtoto kwenye mapaja. Tulipiga makofi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi mshonaji, hakuna pindo linalotoka kwangu bila kukaguliwa, na hili limenipita. Ukaniambia hata niongeze muda! Ulitaka nikae huku mpaka lini? Mpaka afe, uniandikie alikufa usingizini?

Nilikuambia usimwonyeshe vikombe vitatu vitupu. Kumbe mimi ndiye uliyekuwa unanizungushia.

Usimguse. Narudi, mtoto akae asikae.

Mwenye mbwa


Alhamisi, 24 Aprili

Dada,

Shikamoo naitoa, kuipokea ni juu yako.

Yote ni kweli. Mama Duka hakuongeza, nitaongeza mimi. Mzee wa ndevu aliniambia mapema kabisa, kijana, mbwa huyu ni kiziwi. Nikamcheka mbele ya watu, nikamuuliza kiziwi gani anajua saa ya kula. Barua yako ya Machi iliponifikia, mzee huyo alikuwa kwenye kiti. Niliisoma nimesimama nyuma yake. Nikashindwa kumalizia, nikaweka wembe chini. Aliondoka na ndevu upande mmoja. Hajarudi.

Unauliza kwa nini nilidanganya. Hukuuliza, lakini nakujibu. Uliniandikia umefanya vizuri. Katika umri wangu wote hukuwahi kuniambia neno hilo, na kwenye barua ile uliliandika mara mbili. Nikajua ukilirudisha halitoki tena. Nikasema nimrekebishe kwanza, akipona nitamwambia Dada tukicheka. Kila asubuhi nilikuwa nalala chini uani na nyama kwenye kiganja, mashavu kwenye vumbi. Wateja waliniona. Sikujali.

Lakini na mimi nina langu, na nisipoliandika leo sitaliandika.

Dada, lile neno. Nyumbani kwa baba lilikuwa na maana moja tu. Huyu hasikii. Akishalisema alikuwa anakunja mkono wa shati, taratibu, mara mbili. Lilikuwa likisemwa juu ya nani? Juu yako sijawahi kulisikia. Wewe ulikuwa mlangoni umeshika taa, ili baba aone. Basi leo baada ya miaka yote unaniandikia, si mtu mwingine, mimi: hasikii, tumia mkono, ndiyo njia pekee, haya za nini. Ulitaka nisome nini? Nilidhani hatimaye umekubaliana na baba. Nilidhani ndivyo mnavyowapenda mnaowapenda. Kofi la kwanza nililompiga, nilikwenda jikoni nikalia kama mtoto. Kwenye barua nikakuandikia naona haya. Ndilo neno nililolipata.

Umeniita kikulacho. Na mimi nimejiuliza nani alianza kunila.

Sasa shika haya, si kwa ajili yangu. Mkono usitoke juu. Ukitoka chini, karibu na ardhi, kiganja wazi, anausogelea. Kaa chini kabla ya kumpa kitu. Vifuniko ameanza tena, ukivisukuma kwa mguu. Vitambaa anavitafuta kama zamani, maana kwa pua hajawahi kuogopa kitu. Usijikune mbele yake. Usikung'ute nguo. Kwenye matembezi beba kikapu kwa mikono miwili, ukiwa na mzigo anaamini hutampiga. Hajatoka getini tangu nilipoacha kumpiga, kwa sababu barabarani watu wanapungiana mikono.

Funguo ziko kwa Mama Duka, ambaye amekubali kumlisha mpaka ufike. Kiti changu hakipandi basi, nimekiacha barazani. Niko kwa rafiki yangu kinyozi karibu na stendi. Sikutaka unikute, na kusema kweli sikutaka kukukuta.

Domo


Jumapili, 25 Mei

Domo,

Nimerudi tangu mwanzo wa mwezi. Sikukuandikia kwa sababu kila nikianza nilikuwa naandika matusi, na karatasi ni kitu cha kuheshimiwa.

Nilipofungua geti alikuja. Polepole, nyonga zikiyumba, lakini alikuja mwenyewe. Akanisoma kuanzia pindo la gauni, akapanda mpaka magotini, akakuta harufu ya mtoto, akairudia. Kisha akajua ni mimi. Akatoa ile sauti yake ya puani ambayo yeye mwenyewe haisikii. Nami kwa furaha nikasahau yote mliyoniandikia, wewe na Mama Duka. Nikarudi nyuma hatua chache, nikainua mkono. Njoo.

Alilala chini. Tumbo kwenye saruji, masikio yamebanwa, mkojo ukatoka mbele ya miguu yangu. Mimi, Domo. Alinijua ni mimi, na bado akalala. Nilimlilia pale getini na mizigo yangu imemwagika, Mama Duka akaja kunishika. Nilikuchukia siku ile kwa kiasi ambacho sikujua ninacho.

Nikaenda kwenye cherehani. Nikajishonea gauni la mikono mirefu, inayopita vidole, pana kama lile shuka unalowafunika wateja. Nikilivaa sina mikono. Nyumbani ndilo ninalovaa, na majirani wanasema Fundi ameingia dini mpya. Kiunoni nimeshona kitambaa chekundu kinachoning'inia mpaka chini. Nikikitikisa maana yake ni njoo. Nilianza na kipande cha nyama, kama mwaka ule, kitambaa na nyama, kitambaa na nyama. Juzi alikuja nyama ikiwa haipo. Ana umri wa kuzikwa na amejifunza lugha ya tatu, sasa sijui ni nani anayesema mbwa mzee hafundishiki.

Maagizo yako nimeyafuata yote. Mkono kutoka chini, kikapu kwa mikono miwili, kutojikuna. Yanafaa. Unamjua sasa kuliko mimi, na hilo nalo limeniudhi. Wiki hii tumetoka getini. Tumefika mpaka kwenye nguzo ya umeme, akaisoma yote tangu alipoiacha. Mzee wa ndevu alikuwa anapita, upande mmoja wa ndevu umeshafikia mwenzake. Akasimama, akaweka mikono nyuma bila kuambiwa. Akauliza kinyozi atafungua lini. Nikatikisa kitambaa, tukarudi nyumbani.

Uliyoyaandika kuhusu mlangoni kwa baba nimeyasoma. Sitayajibu kwenye karatasi.

Lipo jambo moja ambalo nililitaka lisiwe kweli. Jioni, akishakula, Karani anakwenda barazani kwenye kile kiti chako. Ananusa pale pa kuegemeza mikono, upande huu, halafu upande huu. Kisha anajilaza chini yake na kutazama barabara mpaka giza. Nimemtoa, amerudi. Nimekigeuza kiti kikatazama ukuta, akakizunguka. Anakungoja wewe. Ndani kuna mkeka wake, kuna vitambaa, kuna mimi, na yeye yuko barazani anamngoja mtu aliyempiga.

Labda amekusamehe, labda amesahau, kwa mbwa sijui kama ni vitu viwili. Mimi si mbwa. Uliniandikia mkia juu, na kila nikiutazama mkia wenyewe nalisoma tena.

Lakini magoti yangu hayafiki nyuma ya shule, na ule ukuta anautaka. Kila tukifika kwenye nguzo anatazama upande ule.

Sijasema uje. Ukija, mikono mfukoni.

Dada